Gamba Lililotolewa Chooni

Mfuko ulikuwa mweusi, umefungwa fundo juu ya fundo, na uliwekwa mezani pale pale ambapo Bi Karaha alikuwa ametua kikombe chake cha chai. Harufu ilimfikia kabla fundo la kwanza halijafunguliwa. Aliyeuleta alikuwa mama mmoja msusi, ametoka saluni moja kwa moja, nywele za wateja bado zimeganda kwenye aproni yake, na baada ya kuutua mfuko alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Nimekiosha, Bi Fundi," akasema. "Kwa sabuni ya unga, kisha kwa dawa. Nimekisuuza mpaka mikono imechubuka."

"Umeosha nini?"

"Kile kifaa cha mguu cha binti yangu. Alikitupa chooni."

"Choo cha kuvuta maji?"

Msusi akaangalia sakafu. "Cha shimo. Nimekiopoa kwa kijiti."

 Bi Karaha alitoka nje ya karakana, akapita dirisha la chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, akainama kwenye mtaro na kuitapika chai yote. Kisha akasukutua, akanawa mpaka kwenye viwiko, akasimama kidogo akitazama ukuta, akarudi ndani.

Jina la Bi Karaha hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake, wale wa miguu ya bandia na magongo, kwa sababu hapakuwa na kitu chini ya jua kisichomchefua. Mate barabarani yalimchefua. Nywele kwenye sinki, kijiko chenye alama ya mdomo wa mtu, mtu anayezungumza huku anatafuna, vyote vilimpandisha nyongo. Lakini juu ya vyote hivyo kulikuwa na miguu ya watu, na kazi aliyokuwa akiifanya tangu usichana wake, asubuhi mpaka jioni, ilikuwa ni kushika miguu ya watu. Hapo ndipo wenzake walipochoka kwa kumcheka.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Chumba cha mbele cha kazi, cha nyuma cha kulala, na kati yao pazia tu. Bi Karaha alikua akilala karibu na viatu vya watu asiowajua, viatu vilivyolowa jasho, vinavyosubiri gundi ikauke, na aliapa kwamba akishakuwa mkubwa hatashika kiatu cha mtu. Akasoma, akapata cheti chake, akapangiwa kazi hospitalini, akafurahi kweli. Alipofika akaonyeshwa karakana ya vifaa vya viungo. Alikimbia kiatu, akaangukia mguu wenyewe. Nyumbani mume wake, karani mpole wa posta, alikuwa ananawa miguu mlangoni kabla ya kuvuka kizingiti, na akiulizwa na majirani anajibu, "Nilioa mke, nikaletewa bwana afya."

Basi alivaa glavu, akavaa nyingine juu ya zile, akafungua mfuko.

Ndani mlikuwa na gamba. Ndivyo walivyokiita karakanani: gamba la plastiki linaloshika nyuma ya mguu kuanzia chini ya goti, likateremka kupita kisigino, likaingia chini ya unyayo, ili mguu ambao misuli yake imechoka usianguke mbele mtu anapotembea. Bi Karaha alikuwa amelitengeneza mwenyewe, juzijuzi tu. Alipolitoa hakutazama uchafu. Alitazama gamba lenyewe, na kadiri alivyolitazama ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

Lilikuwa nene. Lilikuwa limepanuka kisiginoni kiasi kwamba kiatu cha kulia ilibidi kiwe kikubwa kuliko cha kushoto. Mikanda yake ilikuwa ile ya kunata, inayofunguka kwa kelele ya nguo inayopasuka, ukiifungua darasani hata mwalimu anageuka. Na rangi, jamani. Ilikuwa ya waridi, waridi ya ufizi wa mtoto mchanga. Plastiki ile ilikuja kwenye maboksi yaliyoandikwa "rangi ya mwili", na kwa miaka yote aliyokuwa akiyafungua maboksi yale Bi Karaha hakuwahi kuona mwili wa rangi ile ukiingia mlangoni mwake.

"Mwili wa nani huu?" akasema.

"Bi Fundi?"

"Kitu kibaya namna hii," akasema Bi Karaha, "na mimi ningekitupa." Akakirudisha mfukoni, akaufunga, akautumbukiza kwenye pipa la taka za hospitali. "Mlete binti kesho. Mwambie sitamgombeza."

Binti alikuja kesho yake baada ya shule. Bi Karaha alimsikia kabla ya kumwona. Ushoroba wa hospitali ni wa saruji iliyosuguliwa, na masikio yake yalikuwa yamezoea: mguu wa kushoto ukitua sawasawa, wa kulia ukipiga chini wote kwa mkupuo, pwa. Tap, pwa. Tap, pwa. Mguu usioweza kujiinua vidole hupiga hivyo.

Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, sketi ya shule ikimfika chini ya goti, soksi fupi nyeupe. Ugonjwa wake ni ule wa kuzaliwa nao unaoila misuli polepole, leo bega, kesho kifundo cha mguu, na kwake ulikuwa umegusa hata mashavu, kwa hiyo cheko lake halikuwa linafika usoni. Watu wasiomjua walidhani ana kiburi.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba. Kaa. Umenawa miguu?"

"Hapana."

"Nilijua." Akavaa glavu. "Haya, niambie. Kwa nini chooni? Si ungelitupa jalalani kama watu?"

Mama yake akataka kujibu. Bi Karaha akamwinulia kiganja.

"Jalalani mama angeliona," akasema binti.

"Na chooni ameliona vilevile."

"Sikujua kama ana moyo wa kwenda kuopoa."

Bi Karaha karibu acheke, akajizuia. Akamuuliza wanasemaje shuleni. Binti akasema shuleni hakuna anayejua ugonjwa wake. Aliwaambia aliteguka. Siku ya kwanza alipokwenda na gamba, kabla hata ya mapumziko, walikuwa wameshampa jina: Bomba. Eti amevaa bomba la maji machafu. Aliwaambia ni la kuteguka, linatolewa wiki ijayo. Na kweli wiki iliyofuata akalitoa.

"Sikiliza, bibie," akasema Bi Karaha. "Usipovaa, mguu utaendelea kuanguka. Ukianguka kila siku, mshipa huu wa nyuma ya kisigino unakaza. Ukishakaza, hata nikikutengenezea gamba la dhahabu halitakusaidia. Utaacha kutembea kabla ugonjwa wenyewe haujataka."

"Najua. Daktari alimwambia mama mbele yangu, kama vile mimi sipo."

"Sasa?"

"Kikionekana sikivai." Alisema bila kupandisha sauti. "Kisipoonekana nitakivaa mpaka kife."

Mambo yakawa hayo. Mguu wa mtoto ukibaki mzima au usibaki, yote yalining'inia kwenye upana wa kiganja, ile sehemu ya ngozi iliyo wazi kati ya pindo la sketi na ukingo wa soksi. Bi Karaha aliinama akaitazama kwa muda mrefu, pua ameikunja kwa sababu ya soksi.

Alimfunga plasta upya. Alimkalisha juu ya meza, akamweka unyayo bapa kwenye ubao, akamzungushia bandeji iliyoloweshwa, akaushika mguu katika pembe yake mpaka plasta ikapata moto na kuganda, na wakati wote huo alimlalamikia binti kuhusu kucha zake. Baada ya plasta kukatwa na kutolewa, ndani yake alimimina plasta nyingine, akapata mguu mzima mweupe wa kufanyia kazi. Ule mguu wa plasta aliupenda. Haukuwa na jasho.

Gamba la kwanza alilifanya jembamba, likapasuka kisiginoni binti alipopanda ngazi. La pili alilipunguza upande wa nyuma badala ya kupunguza unene, akaliacha lizibe kisigino tu na kupanda juu kama ulimi wa kiatu uliogeuzwa. Hapo mkono wa baba yake ulimsaidia, apende asipende. Alikumbuka mzee alivyokuwa akichonga ngozi ukingoni iishe bila kukwaruza. Alitoa soli ya ndani ya kiatu cha kulia, akaweka unyayo wa gamba mahali pake, akaipunguza soli ya kushoto kidogo ili viatu vilingane. Jozi moja, namba moja. Mikanda ya kunata aliitupa. Mahali pake aliweka utepe mmoja wa kuvutika, unaofungwa kwa vikulabu vya sidiria.

"Hivi vinafunguka kimya," akasema. "Hilo wanawake wote wanalijua."

Ilibaki rangi. Plastiki ya waridi hakuigusa tena. Alichukua ile isiyo na rangi, inayopitisha mwanga, na akamwambia msusi akatafute soksi ndefu ya nailoni inayofanana na ngozi ya mwanawe, si inayokaribia, inayofanana. Msusi alizunguka sokoni na binti yake asubuhi nzima ya Jumamosi, wakiweka soksi mojamoja juu ya mguu, wauzaji wakiwatukana, na wakarudi na jozi moja. Bi Karaha aliuvika ule mguu wa plasta soksi ile, kisha akalaza juu yake plastiki iliyotoka kwenye oveni, laini kama unga uliokandwa. Ilipopoa, soksi ilikuwa imegandana na plastiki kwa ndani, na rangi ya binti ikaonekana kupitia gamba.

Siku ya kujaribu, Bi Karaha alikaa kwenye benchi la ushoroba, akafumba macho. "Tembea," akasema.

Tap. Tap. Tap. Tap.

Akafumbua macho. Binti alikuwa amefika mwisho wa ushoroba. Uso wake haukucheka, hauwezi, lakini aligeuka akatembea tena mpaka mwanzo, halafu bila kuambiwa akarudia, halafu akarudia tena, mpaka wagonjwa waliokuwa wakisubiri kwenye foleni wakaanza kuuliza huyu binti amepoteza nini. Msusi alikuwa analia kwenye aproni yake yenye nywele. Bi Karaha aliona nywele zikimwingia puani, akageuka pembeni.

Hapo ingekuwa imekwisha. Ingekuwa imekwisha vizuri, kama si Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa chama cha hisani kilichokuwa kinaleta plastiki na plasta karakanani. Alikuwa mtu wa manukato mengi na viganja vyenye unyevu, anayekushika mkono asikuachie mpaka amalize sentensi, na sentensi zake zilikuwa ndefu. Bi Karaha alikuwa na kitambaa maalumu cha kujifutia kila akiondoka. Alikuja alasiri ya siku ile ile, binti ameshaondoka na gamba limebaki mezani kusuguliwa kingo, akiwa na maboksi ya fulana za kijani, kifuani zimeandikwa kwa herufi kubwa, NISAIDIE NITEMBEE.

"Wafadhili wanakuja," akasema. "Tunafanya hafla ya makabidhiano. Nionyeshe kile kifaa kipya."

Bi Karaha akamwonyesha. Mkurugenzi akakigeuza, akakitazama dhidi ya dirisha, akakirudisha mezani.

"Kizuri. Lakini mbona hakionekani?"

"Ndiyo kazi yake."

"Kitu kisichoonekana nitakionyeshaje, mama yangu? Wale watu wanatoka mbali. Weka hata kijani kidogo. Weka nembo yetu hapa juu, ubavuni."

"Hapo juu ndipo panapoonekana."

"Ndiyo nasema."

Bi Karaha alimtazama mdomoni, kwa sababu kona za mdomo wake huwa zinajikusanyia mate meupe akizungumza, akakivuta kitambaa chake karibu. "Sibandiki," akasema.

Mkurugenzi hakukasirika. Watu wa aina ile hawakasiriki, wanatabasamu. Alisema basi, nembo si lazima, hafla itafanyika shuleni kwa binti, mbele ya wenzake, na binti mwenyewe ataongea maneno mawili matatu.

"Shuleni hakuna anayejua," akasema Bi Karaha.

"Ndiyo maana tunakwenda. Tukawaelimishe."

Aliondoka na manukato yake yakabaki. Bi Karaha alifungua madirisha yote.

Jioni ile alipitia saluni, akamweleza msusi kila kitu. Walikubaliana. Fulana ya kijani binti hataivaa. Atakaa katikati ya wanafunzi wenzake na sare yake kama kawaida. Mkurugenzi hakuwahi kumwona kwa macho, na mwalimu mkuu aliambiwa tu kwamba kuna mtoto mmoja. Wageni wakitaka kuonyeshwa, Bi Karaha mwenyewe atawaonyesha gamba la mfano, lile lililopasuka, watapiga picha na kula na kwenda zao.

"Utaweza kunyamaza?" akamuuliza msusi.

"Mimi tena, Bi Fundi? Ni mwanangu yule."

Na binti aliambiwa hivi, kwa mdomo wa Bi Karaha mwenyewe: "Kaa, tulia. Hawatakuona."

Siku ikafika. Ukumbi wa shule ulikuwa na viti vya plastiki mbele na mabenchi nyuma, maua ya karatasi ukutani, na spika iliyokuwa inakoroma. Bi Karaha alikalishwa mbele, ubavuni, gamba lililopasuka likiwa kwenye mfuko mapajani. Zikaja hotuba. Mgeni rasmi, mzee mmoja mnene mwenye kanzu, moyo mwema na masikio mazito, alizungumza juu ya mguu kana kwamba ameugundua yeye. Kisha Mkurugenzi akachukua kipaza sauti.

"Na sasa," akasema, "yumo humu binti mmoja aliyesaidiwa. Hebu mgeni wetu ajaribu kumtambua."

Hilo Bi Karaha na msusi hawakuwa wamelitazamia. Bi Karaha akaukaza mfuko mapajani. Mgeni rasmi alifurahi sana, akainuka, na wote wakaanza kupita kwenye mabenchi wakitazama miguu ya watoto wa watu. Walipita mstari kwa mstari, wameinama, mikono mgongoni, kama wanachagua mbuzi. Wasichana walikuwa wakivuta sketi zao chini. Bi Karaha alimwona binti yake, kwa maana sasa alimwita hivyo moyoni, amekaa mstari wa nne, miguu sambamba, macho mbele. Mgeni rasmi alifika mbele yake. Akatazama chini. Akapita.

Mwisho wa mstari wa tano akamshika mkono msichana mwingine, akamwinua. "Huyu hapa," akasema.

Yule msichana alikuwa na lengelenge la kiatu kipya tu, amelifunga bandeji. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata walimu. Mkurugenzi alicheka pia, ila macho yake hayakucheka, yakamtafuta Bi Karaha.

"Fundi wetu yupo. Bi Fundi, tusaidie basi. Yuko wapi?"

Bi Karaha hakuinuka. "Mnamtafutia nini?" akasema kutoka kitini, na bila kipaza sauti akasikika. "Kama hamumwoni, kazi imeisha."

Mgeni rasmi akarudi kwenye kiti chake. Na ingeishia hapo, wageni wangecheka kidogo na kwenda kula. Lakini nyuma ya ukumbi, kwenye benchi la wazazi, msusi alisimama. Alikuwa amevaa nguo yake bora. Alikuwa analia. Watu wakubwa wote wale wamekuja kwa ajili ya mguu wa mwanawe, na hakuna aliyewaambia asante, na moyo wake haukuweza.

"Ni wangu," akasema. "Ni yule pale. Mungu awabariki."

Akaja mbele mwenyewe, akipenya kati ya mabenchi, akamwinua mwanawe kwa mkono, akamleta mpaka kwenye viti vya wageni. Na hapo, mbele ya shule nzima, akainama akapandisha pindo la sketi ya binti mpaka gotini, akaishusha soksi kwa kidole.

Bi Karaha aliona jambo hilo, mfuko ukamteleza mapajani.

Mpiga picha akachuchumaa. Akainua kamera, akaishusha, akaisogeza. "Hakionekani," akasema. "Kwenye picha ni mguu tu."

"Kivue, mwanangu," Mkurugenzi akasema kwa sauti tamu. "Kivue ukishike juu, karibu na uso."

Binti alimtazama mama yake. Kisha akakaa kwenye kiti cha mgeni, akafungua vikulabu kimya, akavua, akasimama na gamba mkononi, wakampiga picha. Wakamwambia acheke. Alijaribu. Wakamwambia acheke vizuri. Wakamwekea fulana ya kijani begani na kofia yao kichwani. Halafu wakamwambia asante, arudi akakae.

Akageuka na kiatu chake kisichofungwa, gamba kwapani, akaanza kutembea kurudi mstari wa nne. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya saruji.

Tap, pwa. Tap, pwa.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walimsikiliza.

Bi Karaha alishainuka. Hakukumbuka kuinuka. Alimfikia katikati ya njia, akamkalisha kwenye ukingo wa benchi la mbele, akapiga magoti sakafuni, yeye ambaye hakanyagi hata bafu lake bila kandambili. Akamvua kiatu. Soksi ilikuwa imelowa jasho la hofu na ilinuka, naye hakuwa na glavu. Akaushika ule mguu kwa mikono mitupu, akauingiza kwenye gamba, akauweka sawa kisigino, taratibu kabisa, kwa sababu kisigino kisipokaa sawa kitachubua. Mpiga picha alikuja kulia, Bi Karaha akahamisha mgongo wake kulia. Akaja kushoto, mgongo ukahamia kushoto. Ulikuwa mgongo mpana, haukupitisha kitu.

"Pumua," akanong'ona. "Usiwaangalie."

"Ulisema hawataniona," binti akanong'ona.

 Bi Karaha alifunga vikulabu kimoja baada ya kingine, akapandisha soksi, akateremsha sketi, akamfunga kamba za kiatu.

Baadaye, kwenye bomba la uani, alinawa mikono mpaka sabuni ya shule ikaisha. Msusi alisimama nyuma yake, vipodozi vimemwagika usoni. "Nilitaka kusema asante tu, Bi Fundi. Ningefanyaje? Watu wamenisaidia ninyamaze?"

Bi Karaha alitaka kumtukana. Alikuwa na maneno tayari, tena machafu. Lakini kilichomchefua zaidi siku ile hakikuwa msusi, wala Mkurugenzi na mate yake. Kilikuwa ile ahadi aliyoitoa yeye, kwa mdomo mwepesi, juu ya kitu kisicho mikononi mwake. Gamba aliliweza. Watu hakuwaweza. Alijifuta mikono, akaenda nyumbani, na mumewe alipomkuta amekaa mlangoni hajavua viatu alinawa miguu yake akapita bila kuuliza.

Mkurugenzi alituma picha. Katika zile za mwisho, zile alizozitaka hasa za fundi na mtoto, ulionekana mgongo wa Bi Karaha, mkubwa, umejaza fremu kutoka pembe hadi pembe. Mafundi wenzake walibandika moja juu ya oveni.

Siku zikapita na binti hakuja. Alitakiwa aje kukaguliwa kisigino, hakuja. Bi Karaha alianza kuchukia mifuko myeusi. Mtu yeyote akiingia karakanani na mfuko mweusi, hata kama ndani kuna ndizi, yeye alikuwa anaweka zana chini, na alijua lipi linamsubiri: msusi, fundo juu ya fundo, harufu. Safari hii hangekuwa na la kutengeneza upya. Alikuwa ameshatengeneza lililo bora kuliko yote aliyoyaweza, na halikutosha.

Alasiri moja alikuwa anakwangua plasta kavu kwenye meza, mlango kaupa mgongo. Hatua zilikuwa zinakuja ushorobani. Alizisikia bila kuzisikiliza, hatua za mtu mzima tu, tap, tap, tap. Ziliingia ndani zikasimama.

"Shikamoo, Bi Fundi."

Kisu kikamdondoka. Binti alikuwa peke yake, na sare yake, soksi fupi nyeupe. Bi Karaha alimtazama mguuni. Kwa macho, hakukuwa na kitu.

"Marahaba," akasema. "Mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Nimetupa kitu chooni."

Bi Karaha akashika ukingo wa meza.

"Ile fulana," binti akasema. "Na kofia yao. Mama ameshaanza kutafuta kijiti."

"Akiziopoa asizilete hapa."

"Nimemwambia."

Bi Karaha aliokota kisu chake. Kisha, bila kumtazama, akauliza shuleni wanasemaje.

"Wanajua," binti akasema. "Wote wanajua. Siku ile ile waliniita nyuma ya darasa niwaonyeshe. Nikawaambia kama hamkioni, basi kazi imeisha." Akapandisha mguu wa kulia kwenye kigoda cha wagonjwa. "Kikulabu kimoja kimelegea. Ndicho kilichonileta."

Bi Karaha alivuta kiti chake, akaketi, akauchukua ule mguu akauweka mapajani. Uso wake ulikunjamana wote, pua, paji, mdomo.

"Umenawa miguu?"

"Hapana."

"Nilijua," akasema, akaanza kumvua kiatu.